Maji yakija tukiwa kazini, nani atamtoa bibi?

SWALI

Kwa wahariri wa safu,

Mimi na mume wangu sote ni watu wa kazi. Mimi niko kiwandani kwa zamu, natoka alfajiri na kurudi usiku. Yeye anaendesha pikipiki ya abiria. Siku za mapumziko nashona nguo nyumbani, na kusema kweli cherehani ndiyo inayolipa ada. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4, na tunaishi na mama mkwe mwenye shinikizo la damu ambaye hatembei haraka. Nyumba ni ya kupanga, iko bondeni.

Mafuriko yaliyopita yalikuja mchana. Mkubwa alikuwa shuleni, mdogo na bibi yake nyumbani, na mimi kwenye mashine, simu yangu ikiwa kabatini kwa sababu hazikubaliwi ndani. Bibi alikataa kuondoka mpaka anipate mimi kwenye simu. Walitolewa na jirani maji yakiwa kwenye magoti. Tulipoteza magodoro na vyeti. Mume wangu alipiga kiki pikipiki palepale maji yalipopungua, injini ikafa. Cherehani imeshika kutu. Ukuta tuliupaka rangi baada ya wiki 2, sasa rangi inabanduka na madoa meusi yamerudi. Na mshahara ulikatwa siku nilizokaa kusafisha.

Kila mahali naambiwa “jiandaeni mapema”. Nijiandae saa ngapi, na kwa hela gani? Naomba mniambie cha kufanya, kipi kianze, kabla na baada.

Mama wa Wawili

JIBU

Mama wa Wawili, pole sana wewe na nyumba yako. Tukiisoma barua yako vizuri, maji yenyewe hayakuwa na hasara kubwa kama mambo mawili yaliyoyazunguka: uamuzi uliosubiri simu isiyopokelewa, na haraka ya kurudi kwenye hali ya kawaida. Injini, rangi ya ukuta na huenda hata cherehani vilikufa baada ya maji kuondoka. Hayo yana dawa, na sehemu kubwa yake haihitaji hela.

Anza na uamuzi. Kaeni jioni moja, watu wazima watatu, mwafikiane ishara itakayomfanya aliye nyumbani aondoke bila kumuuliza mtu. Iwe kitu cha kuonekana kwa macho: maji yamefika kwenye jiwe fulani, au mtaro umefurika hadi barabarani, au mamlaka imetangaza tahadhari. Msiandike “hali ikiwa mbaya”, maana kila mtu ana mbaya yake. Kwa mama mkwe ishara hiyo iwe ya mapema kuliko ya wengine. Pimeni kwa saa: tembeeni naye kutoka mlangoni hadi mahali pa juu, hesabuni dakika, halafu zidisheni mara mbili, kwa sababu siku yenyewe atakuwa na mtoto wa miaka 4 mkononi na chini kuna utelezi. Kama matembezi ni dakika 20, anahitaji dakika 40 kabla njia haijafungwa. Mtafuteni jirani mmoja ambaye kwa kawaida yuko mchana, mpatane naye waziwazi kwamba yeye ndiye atakayemshika mkono. Mara iliyopita jirani alikuja kwa hisani yake. Safari hii ajue anategemewa, nanyi mjue mtamlipa fadhila gani.

Sababu ya kuwa wakali kwenye saa ni hii. Maji yanayokwenda kasi, hata ya kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanaweza kuelea na gari dogo, na 60 yanasomba magari mengi, yakiwemo makubwa. Mume wako aelewe hili kuliko wote, maana dereva wa pikipiki hushawishika kuwa njia anayoijua ipo palepale chini ya maji. Mara nyingi haipo; kalavati limeshang'olewa. Asiwafuate kwa pikipiki kupitia majini. Kazi yake ni kufika mahali pa kukutania.

Mahali hapo pawe pawili: pa kwanza karibu na nyumbani lakini juu, na pa pili ng'ambo ya bonde, kwa anayekutwa upande wa pili. Chagueni pia ndugu mmoja anayeishi mbali, mkoa mwingine kabisa, awe mpokea habari. Siku ya maafa laini za eneo lenyewe huzidiwa, na mara nyingi ujumbe mfupi hupita pale simu ya sauti inapokwama. Kila mmoja anamwandikia ndugu huyo: niko wapi, niko na nani. Wa miaka 9 akariri namba mbili. Wa miaka 4 ashonewe ndani ya nguo kitambaa chenye namba hizo. Wewe fundi, hiyo ni kazi ya dakika 10.

Shuleni, nenda ukaulize jina la nani liko kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mara nyingi ni wazazi peke yao. Ongeza watu wawili, na angalau mmoja awe anaishi upande uleule wa mto ilipo shule. Kiwandani, muulize msimamizi namba ya ofisi ambayo mtu wa nje anaweza kupiga ukaitwa kwenye mashine, kisha mpe mama mkwe na ndugu wa mbali. Kama hakuna namba, omba iwepo. Hilo ni dai la wafanyakazi wote, na linasikika zaidi mkilipeleka pamoja.

Sasa maji ya kunywa na begi, ambavyo watu huvianza kwanza ingawa vinapaswa kuja baadaye. Kadirio la kawaida ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi wa lazima. Nyinyi watano kwa siku 3 ni lita 60. Hapa wengi hujaza madumu matatu ya lita 20 na kuridhika. Dumu moja likijaa lina uzito wa kilo 20. Mama mkwe hawezi kulinyanyua, na likibaki chini linazama kwenye maji machafu. Wekeni sehemu kubwa kwenye madumu ya lita 5, juu ya kitu imara. Madumu yawe yaliyobeba chakula au kinywaji, kamwe yasiwe ya dawa wala mafuta ya taa, hata yakioshwa mara kumi.

Mkiishiwa, maji ya kutilia shaka yachemsheni mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili. Kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, iwe dakika 3. Bila moto, tumieni blichi ya kufulia isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha weka matone 4. Yanapaswa kunukia klorini kidogo. Yasiponukia, rudia kipimo na usubiri dakika 15 nyingine. Blichi iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja imeshapoteza nguvu, kwa hiyo andika tarehe kwenye chupa. Na lijulikane hili: kuchemsha na klorini huua vijidudu, haviondoi petroli wala sumu za shambani. Maji yenye utando wa mafuta au harufu ya dawa hayanyweki kwa njia yoyote kati ya hizo.

Begi la kuondoka nalo liwe moja kwa kila mtu mzima, jepesi kiasi cha kubebwa na mkono mmoja ukamshika mtoto. Ndani: dawa za mama mkwe za wiki 2 pamoja na nakala ya maelezo ya daktari (aombe kliniki imwongezee akiba hiyo, maana kukatisha dawa za presha ghafla ni hatari yenyewe), tochi, filimbi, redio ndogo, chaja, sabuni, pedi, nguo za kubadilisha, noti ndogondogo. Umeme ukikatika na mtandao ukilala, pesa ya kwenye simu ni namba tu. Betri zikae nje ya tochi. Zikiachwa ndani huvuja na kuila. Nguo za watoto kagua kila miezi 6, vinginevyo siku ya siku utamvalisha wa miaka 4 fulana ya mtoto mchanga.

Kuhusu hela: usinunue vyote. Ukigawa orodha hii kwa wiki 10, kila wiki kitu kimoja, haitaumiza. Cha kwanza kiwe mfuko mzito wa plastiki wenye kufungika, kwa ajili ya hati. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, mkataba wa pango, kadi ya pikipiki, kadi za kliniki. Zipige picha zote mbele na nyuma, uzitume kwa ndugu yule wa mbali na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Ukiwa na simu mkononi, piga na picha ya vitu vya nyumbani, chumba kwa chumba, pamoja na namba za utambulisho za cherehani na pikipiki. Nusu saa inatosha. Picha ya “kabla” ndiyo inayomkosesha maneno mlipa fidia au mtoa msaada.

Cherehani yako, kama ni ya meza, kichwa chake hushikwa na bawaba mbili nyuma zenye skrubu ndogo chini. Legeza skrubu, vua mkanda, kichwa kinanyanyuka chote. Fanya mazoezi mara moja, weka bisibisi ya ukubwa huo kwenye droo ya meza, na uamue sasa kinawekwa wapi juu. Dalili za mvua kubwa zikitangazwa jioni, nyanyua kabla hujalala. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye vali na ukazwe kwa kamba kwenye kitu kisichohama, kwa sababu huelea na kuvunja mpira wake. Swichi kuu izimwe maji yakiwa bado nje. Yakishafika kwenye swichi, au wewe umesimama ndani yake, usiguse tena; toka.

(Kama eneo lenu lina tetemeko pia, mengi ya hapa yanatumika, ila halina ishara ya mapema. Kabati zifungwe ukutani, viatu vikae kando ya kitanda kwa ajili ya vioo, na ardhi ikitikisika mtu anapiga magoti chini ya meza imara, anafunika kichwa na shingo, anashikilia mpaka itulie. Kukimbilia mlangoni ndiko kunakowakutanisha watu na matofali yanayoanguka.)

Tuje baada ya maji, maana ndiko mlikoumizwa.

Mnaporudi, zungukeni nyumba kwa nje kwanza. Nyufa mpya, ukuta uliolala, dari iliyoshuka tumbo, harufu ya gesi: lolote kati ya hayo, msiingie. Ukuta wa udongo au tofali mbichi unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kuondoka, watu wakidhani hatari imepita. Ndani, viatu vizito na glavu, kwa sababu tope linaficha misumari, nyoka na maji taka. Mwenye kidonda akifunike vizuri, na aliyechomwa na kitu chenye tope aende kuuliza sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.

Kabla hamjashika fagio, picha. Kila chumba kutoka pembe zote nne, alama ya maji ukutani kukiwa na futi kamba kando yake, kila kitu kilichoharibika. Usafi unaofanywa kabla ya picha hufuta ushahidi wote. Baada ya hapo fanyeni haraka, maana ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Tope litolewe likiwa bado bichi. Likikauka linashika kama saruji. Osheni kwa maji na sabuni kwanza, dawa ifuate. Watu huruka sabuni na kumwaga blichi juu ya tope, na blichi inaishia kupambana na tope badala ya vijidudu. Kwa sakafu na vitu vigumu, kikombe kimoja cha mililita 240 kwenye ndoo ya lita 20 kinatosha, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo wala dawa yenye amonia. Inatoa hewa ya sumu.

Magodoro yaliyolowa maji ya mafuriko yatupwe. Tunajua yanavyouma, lakini sifongo haisafishiki ndani, na anayelalia ni mtoto. Vyombo vya chuma na plastiki ngumu vinaokoka. Unga, nafaka na chupa za vifuniko vya kuzungusha zilizozama zitupwe. Makopo ya bati yasiyobonyea yanaoshwa, yanachovywa kwenye maji ya blichi, yanaandikwa upya. Friji iliyofungwa bila umeme hulinda chakula kama saa 4 tu. Vyeti vilivyolowa msivibandue kwa nguvu wala kuvianika juani: viwekeni kivulini juu ya karatasi inayonyonya, mkibadilisha karatasi. Vikiwa vingi na mna pa kugandishia, vigandisheni kwenye plastiki mpaka mpate nafasi. Barafu husimamisha ukungu.

Umeme usiwashwe mpaka fundi afungue soketi na swichi zilizozama. Saketi breka iliyolowa inaweza kuonekana nzima na isikatike siku ya hitilafu, kwa hiyo hubadilishwa, haikaushwi. Jenereta ya jirani ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha lolote. Moshi wake hauhitaji kunuka ili kuua, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni ndugu yake.

Ukuta. Mlipaka rangi juu ya maji. Tofali na saruji hunyonya maji juu zaidi ya alama inayoonekana, na kukauka kwake ni kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Ng'oeni rangi iliyobanduka, sugueni madoa kwa sabuni mkiwa na barakoa, achieni hewa ipite kutoka dirisha hadi dirisha. Halafu pimeni: bandikeni kipande cha plastiki angavu, mraba wa karibu nusu mita, kingo zote nne zizibwe kwa utepe wa gundi, kiacheni mpaka kesho yake. Mkikuta umande kwa ndani au ukuta umekolea rangi, bado. Rudieni kila wiki. Na ukuta huo ni wa mwenye nyumba. Mwandikieni, mpelekeeni picha, muulizeni nani analipia nini kabla hamjanunua rangi nyingine.

Pikipiki ikizama, haipigwi kiki. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kuyakuta, mkono unaoishika ndio unaopinda. Fungueni plagi, zungusheni injini taratibu kwa mkono au kiki, swichi ikiwa imezimwa, mpaka maji yaishe kutoka kwenye tundu. Mwageni oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Wekeni mpya, iungurume dakika chache, mwageni tena na kuweka nyingine. Tangi nalo limwagwe, kwa kuwa maji hukaa chini ya petroli, na ndiyo yatakayonyonywa kwanza.

Cherehani inaweza kuwa bado na uhai. Kama ina mota ya umeme, iende kwa fundi bila kuchomekwa. Kichwa chenyewe, tope lingali bichi, kioshwe kwa maji safi, kwa sababu tope kavu hulaga chuma kama msasa. Futa, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, tia oili ya cherehani kwenye kila tundu lake, zungusha gurudumu kwa mkono. Ikishika kutu kama yako, oili ilale usiku kucha na uzungushe kidogokidogo bila kulazimisha. Mafuta ya kupikia hapana: yanaganda na kuwa gundi.

Mwisho ni siku zenu za kazi. Msichukue ruhusa wote wawili pamoja. Siku mbili za kwanza ni za picha, tope na kukausha, na ndizo zinazohitaji mikono. Kukauka kwenyewe hakuhitaji mtu. Mjulisheni mwajiri siku ya kwanza kwa maandishi, ombeni barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha maafa, na pendekeza mwenyewe: kubadilishana zamu, au siku zikatwe kwenye likizo badala ya mshahara. Ombi lenye pendekezo hujibiwa haraka kuliko ombi la huruma. Mkiwa na mkopo, nendeni kwa mkopeshaji kabla tarehe haijapita, si baada. Hela ya kwanza iende kwenye chombo kinachoingiza hela, yaani pikipiki na cherehani, ya pili kwenye mahali pa kulala, ya tatu kwenye mlango unaofungika. Kabati na sofa zitasubiri. Fundi anayetaka malipo yote mbele, wakati huo ambao kila nyumba inamhitaji, mpe theluthi na uandikishe kazi. Na orodha ya msaada inapopita, majina ya watu wote watano yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho; herufi moja ikipotoka utazungushwa wiki nzima.

Mtoto akianza kukojoa kitandani au bibi akigoma kulala mvua inaponyesha, kwa wiki chache hilo ni la kawaida. Warudishieni ratiba ya kula na kulala hata kama nyumba bado haina rangi. Likipita mwezi bila nafuu, liulizeni kliniki mkienda kuchukua dawa za presha.

Ukipata jioni moja tu wiki hii, itumie kutembea na mama mkwe hadi pale juu, saa mkononi.